Kabla Uzio Haujafika Majini

Mwongozo huu ni wako wewe unayeishi Mata, Chala au mitaa ya Voi inayoteremka hadi mtoni, na ambaye umesikia kwamba kuna watu wanapima ardhi kando ya maji. Huenda ni nyumba za kupangisha ukingoni mwa Mto Voi. Huenda ni mradi mkubwa zaidi: hoteli, nyumba za likizo na gati ya mashua kwenye Ziwa Jipe au Ziwa Chala, mfano wa English Point kule Mombasa, ambako gati na nyumba za kifahari zilijengwa mahali pamoja. Ukiuliza utaambiwa usiwe na wasiwasi, jambo lenyewe bado ni wazo tu. Mimi nakuambia anza leo. Sheria za Kenya zinampa mwananchi nguvu kubwa juu ya mradi wa namna hii, lakini karibu kila nguvu ina siku zake zinazohesabiwa, na zikishapita ni vigumu kuzirudisha.

Anza na ardhi yenyewe. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinaweka mito na maziwa katika ardhi ya umma, kwa hiyo hakuna anayeweza kuuziwa ziwa. Ardhi inayopakana na maji ni habari nyingine. Inaweza kuwa ya mtu binafsi, ya umma, au ya jamii, na kila aina ina mlango wake. Nenda ofisi ya usajili wa ardhi na nambari ya kiwanja, uombe taarifa rasmi ya umiliki. Kama hakuna anayejua nambari, hilo pekee ni jambo la kuandika katika barua. Taveta ina historia chungu ya mashamba makubwa ya mkonge na watu wengi waliobaki maskwota kwenye ardhi ya babu zao, kwa hiyo usikubali maneno kama "ile ilikuwa ya serikali" au "ile ilishauzwa zamani" bila karatasi.

Ikiwa ni ardhi ya jamii, soma Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, hasa kifungu cha 36. Makubaliano ya uwekezaji hayasimami mpaka theluthi mbili ya wanajamii watu wazima wayakubali katika mkutano mkuu wa jamii, baada ya mashauriano ya wazi. Kamati ya jamii haina mamlaka ya kutia saini kwa niaba yenu pembeni, hata kama mwenyekiti ni mzee anayeheshimiwa na kila mtu.

Kisha andika barua. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu barua ya ukurasa mmoja hufanya kazi ambayo mabaraza kumi hayafanyi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuomba hati kutoka ofisi yoyote ya umma, na inasema wazi kwamba ombi linaweza kuandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili. Huhitaji wakili. Asiyejua kuandika ana haki ya kusaidiwa na afisa. Kuwasilisha ombi hakutozwi ada. Unaweza kutozwa gharama ya kunakili tu. Ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Andika hivi:

"Kwa Afisa wa Kutoa Habari, Serikali ya Kaunti ya Taita Taveta, Mwatate. Mimi ni mkazi wa Wadi ya Mata. Kwa mujibu wa Sheria ya Kupata Habari ya 2016, naomba nakala za hati zifuatazo kuhusu ardhi iliyo kati ya barabara ya kijiji chetu na Ziwa Jipe: ombi la kibali cha ujenzi pamoja na ramani zake, barua ya uamuzi na masharti yote yaliyowekwa, makubaliano yoyote kati ya kaunti na mwekezaji, kumbukumbu za mikutano ya umma iliyofanyika kuhusu mradi huu, pamoja na orodha za mahudhurio. Kama hati yoyote haipo, naomba nielezwe hivyo kwa maandishi. Kama iko katika ofisi nyingine, naomba ombi hili lipelekwe huko nami nijulishwe."

Peleka nakala mbili. Moja inabaki ofisini, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe, unarudi nayo. Karani akikwambia uiache tu mezani, mwombe muhuri kwa upole na usiondoke bila huo. Barua kama hiyo iende pia NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira), Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na kama kiwanja kiko mjini, ofisi ya Manispaa ya Voi. Siku 21 zikipita kimya, au ukinyimwa, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ombudsman.

Ile sentensi ya hati isiyokuwepo usiifute. Jibu la maandishi kwamba hakuna kumbukumbu za mkutano ni ushahidi mzito kuliko picha ya mkutano wenyewe.

Wakati barua ziko njiani, undeni kikundi. Na hapa Voi haina haja ya kuazima mfano kutoka mbali, kwa maana mojawapo ya majaribio ya kwanza ya aina yake barani Afrika yalifanyika mtaa wa Tanzania-Bondeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, chini ya mradi wa maendeleo ya miji midogo ulioendeshwa na Wizara ya Serikali za Mitaa pamoja na shirika la Ujerumani la GTZ, wakazi walielezwa njia mbalimbali za kumilikishwa ardhi waliyokuwa wakiishi bila hati. Walichagua ardhi ibaki mkononi mwa jamii nzima chini ya wadhamini, na kila mwanachama amiliki nyumba yake na alichokiendeleza. Nyumba ingeweza kurithiwa au kuuzwa, ardhi isingeuzwa. Nia yao ilikuwa kuzuia lile lililozoeleka mijini: mtaa unaboreshwa, hati zinatolewa, wenye pesa wananunua, na waliovumilia matope miaka yote wanahamia matope mengine.

Kwa kazi yako ya sasa, chukua mambo mawili kutoka Tanzania-Bondeni. La kwanza ni kwamba kulikuwa na vyombo viwili, chama cha wakazi na bodi ya wadhamini, hivyo wanaosemea watu hawakuwa wale wale wanaoshika hati. Nanyi watengeni wanaozungumza na mwekezaji na wanaotunza faili na fedha. La pili ni onyo. Taratibu za hati zilichukua miaka mingi zaidi kuliko watu walivyotarajia, na baadhi ya wanachama wakaanza kutaka hati zao binafsi. Kikundi kinachotegemea mfadhili mmoja au mtu mmoja mwenye moto huchoka. Panga tangu siku ya kwanza nani atashika kazi mwaka wa tatu, mikutano ikiwa imepungua na mchanga ukiwa bado unamwagwa.

Ukubwa wa kikundi? Sheria ya Ardhi ya Jamii inaweka kamati ya watu 7 hadi 15, nami naona hicho ni kipimo kizuri hata kwa kikundi kisicho cha ardhi ya jamii. Awemo mvuvi, na ikiwa ufuko wenu una BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuko, awe mjumbe wake. Awemo mama anayeuza samaki, mfugaji anayenywesha ng'ombe ziwani wakati wa kiangazi, kijana, mtu wa chama cha watumiaji wa maji, na mpangaji. Wapangaji husahaulika kila mara, ilhali nyumba zikibomolewa wao ndio huondoka bila kitu. Tafuteni mwalimu mstaafu au yeyote mwenye mwandiko mzuri awe katibu. Wekeni sharti moja lisilo na huruma: aliyeuza kiwanja kwa mwekezaji, aliyeahidiwa zabuni ya mawe, au ambaye ndugu yake ameajiriwa na kampuni, atamke hivyo mbele ya wote na asipige kura. Si tusi kwake. Ni kinga kwa kikundi na kwake pia.

Sasa vibali. Mwekezaji anahitaji karatasi kadhaa, na mbili kati yake ndizo za kushikilia.

Kibali cha ujenzi hutolewa na kaunti chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Anayeomba anatakiwa kuutangazia umma mradi wake ili wenye pingamizi walete. Uamuzi ukishatolewa, mtu yeyote mwenye maslahi ana siku 14 tu za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza mashauri ya mipango ya ardhi, na kutoka hapo Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku 14 ni chache mno kwa kijiji ambacho habari hukifikia Jumapili baada ya ibada. Ndiyo maana mtu mmoja katika kikundi apewe kazi ya kupita ofisi ya mipango kila wiki, aulize kama uamuzi umetoka, na aandike jibu kwenye daftari pamoja na cheo cha aliyemjibu.

Karatasi ya pili ni leseni ya NEMA inayotokana na tathmini ya athari kwa mazingira. Kifungu cha 42 cha Sheria ya Mazingira ya 1999 kinakataza kujenga chochote ndani au juu ya mto, ziwa au ardhi oevu bila idhini iliyotanguliwa na tathmini hiyo. Kanuni za 2003 zinataka mtaalamu anayefanya utafiti kamili abandike matangazo mahali pa umma, atangaze gazetini na redioni, na afanye angalau mikutano 3 na watu watakaoathirika. Ripoti ikishawasilishwa, NEMA hutoa tangazo kwa umma na kwa kawaida huacha siku 30 za maoni. Maoni yanaweza kuwa ya maandishi au ya mdomo. Yaandikeni. Ambatanisheni pia picha za tangazo lenyewe, au za ubao mtupu ambapo lingepaswa kuwepo.

Tazameni sana mradi uliokatwa vipande. Nyumba 10 leo, gati mwezi ujao, hoteli mwakani, kila kipande na ripoti yake fupi, kana kwamba havijuani. Mradi mdogo hupita njia nyepesi isiyo na mikutano yote ile. Mkiona kampuni ile ile na kiwanja kile kile, iandikieni NEMA mkiomba tathmini moja ya mradi mzima.

Mkijiuliza kama barua na mikutano hii inabadilisha chochote, tazameni Lamu. Tarehe 26 Juni 2019, jopo la kitaifa la rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa Amu Power, baada ya Save Lamu na wenzao kukata rufaa. Mikutano ilikuwa imefanyika, na picha zilikuwepo. Kasoro kubwa ni kwamba mikutano hiyo ilikuwa ya utangulizi, kabla utafiti haujakamilika. Watu hawakurudishiwa matokeo ili wayajadili. Kwa hiyo katika kila baraza ulizeni: ripoti iko wapi, imeandikwa lugha gani, na mtarudi lini kutueleza mlichokipata? Katibu aandike swali na jibu. Na mkitia saini ya mahudhurio, andikeni juu ya karatasi, "Tumehudhuria, hatujakubali wala kukataa." Karatasi za soda na nauli zimewahi kugeuzwa kuwa karatasi za idhini katika miradi mingi, na mstari huo mmoja unawalinda.

Lamu hiyo hiyo inafundisha kuhusu kuhesabiwa. Katika kesi ya bandari mpya, Mahakama Kuu ilitoa hukumu mwaka 2018 kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Anayelipwa ni aliye kwenye orodha. Anzeni sasa daftari la wavuvi, wauza samaki, wakata mafunjo, na wanaochota maji: jina, anafanya nini, tangu lini, sehemu gani ya ufuko. Daftari likianza kabla ya mradi, hakuna atakayesema majina yalibuniwa kwa ajili ya fidia.

Maji yenyewe yanataka maswali yake, na hapa kila eneo lina lake. Jipe ni ziwa la kina kifupi, linalolishwa na Mto Lumi, na kwa miaka mingi limekuwa likijaa tope na kuzibwa na magugu. Gati ya mashua mahali kama hapo haiwezi kufanya kazi bila kuchimba sakafu ya ziwa. Nani atachimba, tope litatupwa wapi, na nani atachimba tena likirudi? Chala ni tofauti kabisa: ni ziwa la kina kirefu ndani ya kreta ya volkano, lenye kuta za mwinuko mkali, likilishwa na maji ya chini ya ardhi, na halina mto unaotoka juu ya ardhi. Kinachovuja humo, iwe mafuta ya injini au maji ya choo, hakina mto wa kukibeba. Maziwa yote mawili yana samaki wake wa jamii ya perege: Oreochromis jipe, aliyepewa jina la ziwa lenyewe, na Oreochromis hunteri wa Chala. Ripoti ya mazingira isiyowataja haikufanywa na mtu aliyeingia majini.

Mto Voi nao una tabia yake. Sehemu kubwa ya mwaka unaonekana mchanga mtupu, na mwenye kiwanja huona ardhi nzuri ya kujenga. Kanuni za Ubora wa Maji zinakataza ujenzi kando ya mto kwa umbali wa mita 6 hadi 30 kila upande, zikihesabiwa kutoka kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Neno la msingi hapo ni mafuriko. Mwekezaji atapimia mahali maji yalipo mwezi Agosti. Ninyi waendeeni wazee, muwaulize maji yalifika wapi wakati wa El Niño ya 1997, mpige picha mti au ukuta wanaouonyesha, mwandike jina la shahidi. Kule Naivasha, wakazi wa mtaa wa Kihoto waliona ziwa likiingia sebuleni lilipopanda kuanzia 2020. Maji hurudi kwao.

Usisahau jirani wa ng'ambo. Upande wa pili wa Jipe ni Wilaya ya Mwanga nchini Tanzania, upande wa pili wa Chala ni Rombo, na maji ya Jipe hutoka kwa Mto Ruvu hadi bwawa la Nyumba ya Mungu na kuendelea Pangani. Ripoti inayoishia mpakani ina nusu ya ziwa. Tumeni mtu azungumze na wavuvi wa huko. Wengi wenu mna shemeji upande huo. Tembo na viboko nao hawajui kibali: Jipe inapakana na Tsavo Magharibi, na uzio ukifunga njia yao ya maji watapita shambani mwako. Ombeni maoni ya maandishi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori.

Kuna jambo watu huona haya kuliuliza, nalo ni pesa. Je, mwekezaji ana fedha, au anategemea mkopo utakaolipwa na nyumba ambazo bado hazijauzwa? Mradi ukisimama katikati, nani atafukia mashimo na kuondoa vyuma majini? Ombeni amana ya kurekebisha mazingira iwe sharti la kibali. Na ahadi zote za ajira, bomba la maji, au darasa la shule ziingizwe katika makubaliano yaliyotiwa saini, yenye tarehe na idadi. Muhimu kuliko darasa, kwa maoni yangu, ni njia: upana wake kwa mita, kutoka barabarani hadi majini, wazi mchana na usiku kwa wavuvi na mifugo, ichorwe kwenye ramani inayoambatanishwa na kibali. Darasa linaweza kujengwa baadaye na mtu mwingine. Njia ikishafungwa na nyumba za watu, hakuna wa kuifungua.

Ujenzi ukianza, nakilini ubao ulio mlangoni: mwenye mradi, mkandarasi, nambari za vibali. Chagueni sehemu 4 au 5 za ufuko na mpige picha kutoka mahali pale pale kila mwezi, simu ikionyesha tarehe. Mkiona kifusi kinaingia majini, pigeni picha, andikieni NEMA na Mamlaka ya Rasilimali za Maji siku hiyo hiyo, mkitaja sharti la leseni lililovunjwa kwa nambari yake. Msivunje uzio wala kuzuia malori kwa mawe. Anayekamatwa kwa vurugu hupoteza siku zake mahakamani akijitetea, na kesi ya ziwa inabaki bila shahidi.

Leseni ikitolewa kinyume na utaratibu, mna siku 60 za kukata rufaa kwa jopo la kitaifa la mazingira. Mbali na hilo, kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kulinda mazingira bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Mtu wa Wundanyi anaweza kusimama kwa ajili ya Jipe.

Wenye nyumba wakishahamia na mashua zikifungwa gatini, faili lisifungwe. Mradi wenye leseni hutakiwa kufanyiwa ukaguzi wa mazingira kila mwaka, na ripoti yake ni hati mnayoweza kuiomba kwa barua ile ile niliyoiandika hapo juu, mkibadilisha orodha tu. Wekeni tarehe moja ya kila mwaka ya kuiomba. Faili liwe na nakala mbili katika nyumba mbili tofauti, moja kati yake kwa mtu asiye mwanachama wa kamati.